Majigambo ya Kasha

Yeyote aliyefanya Kiswahili Paper 3 anajua maswali ya kwanza ya kuuliza mbele ya shairi: nani anasema, anamwambia nani, na kwa sauti gani. Nafsineni, nafsinenewa, toni. Mimi maswali hayo nimeyatumia zaidi Luthuli Avenue kuliko mahali pengine popote. Nikienda kununua waya wa solda, betri za AA au kapasita za kurekebisha redio, huwa nasoma makasha kama mtu aliyepewa kifungu akichambue. Na haya ndiyo maoni yangu baada ya miaka kadhaa ya kuyasoma: makasha ya vifaa vya umeme yana maandishi ya aina mbili, tarehe na namba, na sisi wanunuzi tumezoea kuyasoma kinyume. Tarehe, ambayo kwa kawaida ni ahadi ndogo yenye masharti, tunaisoma kama hukumu. Namba, ambayo mara nyingi ni majigambo, tunaisoma kama ahadi.

Kusoma vibaya kuna gharama. Kuna fundi anayetupa solda nzima kwa sababu lebo imesema muda umeisha, na kuna mwanafunzi wa campo anayelipa pesa ya chakula cha wiki mbili kwa pawabenki ambayo nguvu yake yote iko kwenye rangi ya kasha.

Imeekspaya, bro

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha mtaani maziwa yanaekspaya, leseni ya kuendesha gari inaekspaya, bando inaekspaya, na solda nayo inaekspaya. Kitenzi kimoja kimebebeshwa mambo manne yasiyofanana. Maziwa yataharibika hata kama hakuna aliyeandika tarehe popote. Leseni haichachi, ni serikali imeamua. Bando haichachi pia. Ni kampuni imeamua. Lebo zenyewe huwa zinajaribu kutofautisha: nyingine inasema bidhaa ni bora zaidi kabla ya siku fulani, nyingine inasema isitumike kabisa baada ya siku hiyo, nyingine inataja tu siku ambayo dhamana ya mtengenezaji inakwisha. Ikifika kwa kaunta, zote ni "imeekspaya, bro".

Dawa na chakula naviacha kando. Tarehe ya dawa iheshimu, basi. Nazungumzia vitu vya meza ya fundi.

Chukua waya wa solda. Ni bati, pamoja na risasi au shaba na fedha kidogo, na katikati kuna flaksi inayosafisha chuma ili solda ishike vizuri. Watengenezaji wengi huupa miaka miwili au mitatu. Lakini bati halikauki kama mkate. Fungua redio ya miaka ya 1960, ile ya babu yenye ganda la mbao, uangalie viungo vyake vya solda: vingi bado vimeshika. Kinachoweza kuchoka kwenye waya uliokaa ni ile flaksi ya ndani, na pia uso wa nje ukishapata kutu nyembamba. Unapangusa, unajaribu kwenye kipande cha waya wa shaba, na ndani ya sekunde mbili umeshajua kama unafaa.

Sasa chukua pesti ya solda, ile ya kijivu kwenye kikopo kidogo ambayo mafundi wa simu hutumia wakirudisha chipu kwenye bodi. Hapa tarehe ina maana. Pesti ni unga laini sana wa chuma uliochanganywa na flaksi, na vitu hivyo viwili vinaendelea kulana polepole hata kikopo kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo aina nyingi hupewa miezi 6 hadi 12, na ikiwa tu zimewekwa kwenye friji, kati ya nyuzi 0 na 10 hivi. Rudia hilo neno: ikiwa. Kikopo unachokiona kimekaa dirishani mwa kibanda, jua la saa nane likikipiga tangu Januari, kinaonyesha tarehe ya mwaka ujao. Tarehe hiyo haikuandikiwa dirisha. Iliandikiwa friji.

Hapo ndipo nimefikia kusema kwamba tarehe ni sentensi yenye masharti ambayo nusu yake imekatwa. Kwa ukamilifu ingesema: ikihifadhiwa mahali baridi, isipofunguliwa, isipopata unyevu, sisi tuko tayari kuitetea mpaka mwezi huu. Kinachobaki kwenye lebo ni mwezi peke yake. Na matokeo yake yanachekesha kidogo: pale tarehe isipo na uzito, kwenye waya, tunaiogopa, pale ilipo na uzito, kwenye pesti, tunaiamini kupita kiasi, kwa sababu haijafika bado.

Spiriti ya kusafishia bodi, ile isopropili, iko katikati ya hao wawili. Kemikali yenyewe haiozi. Ukiacha kifuniko wazi, spiriti inaruka na maji ya hewani yanaingia, na kilichobaki hakikauki tena upesi kwenye bodi. Chupa iliyofungwa vizuri ikipitisha tarehe yake kwa miezi mitatu ni bora kuliko chupa ya mwaka huu inayoshinda wazi mezani. Betri za AA nazo: zile za alkali nzuri huandikiwa hadi miaka 10, na siku ya mwisho ikifika hazizimiki kama taa. Mtengenezaji anasema tu kwamba kufikia hapo sehemu kubwa ya chaji bado itakuwepo. Baada ya hapo inaendelea kupungua, na hatari ya kuvuja inaongezeka. Ukiziona zina unga mweupe kwenye ncha, achana nazo, hata kama tarehe ni ya 2032.

Kwa hiyo nafsineni wa tarehe ni nani? Ni mtu mwangalifu, pengine wakili pamoja na mkemia, wanaosema: tutajibu mpaka hapa. Anamwambia nani? Mnunuzi, lakini pia mahakama. Toni yake ni ya mtu asiyetaka matata. Ni sauti ya unyenyekevu, na hiyo ndiyo sababu inastahili kusikilizwa bila hofu.

Tarehe isiyo na kitu cha kuoza

Kuna tarehe za aina nyingine ambazo sizitetei. Hizi ni zile zilizowekwa juu ya kitu kisichochacha, ili kikome.

Mfano wa kila mtu hapa nchini ni bando. Megabaiti haina bakteria. Kwa miaka mingi tuliamka asubuhi tukakuta data tuliyolipia imeyeyuka usiku wa manane, tukazoea kusema imeekspaya kana kwamba iliachwa juani. Halafu Oktoba 2019 Safaricom ikaleta bando zisizo na tarehe ya mwisho, na dunia haikupasuka. Siku hiyo ilionyesha kwamba tarehe haikuwahi kuwa ndani ya data. Ilikuwa kwenye mkataba, na mkataba huandikwa na watu.

Mfano wa pili ni wino wa printa. Wino wa maji unaweza kukauka kweli, hasa kwenye vitundu vya kichwa cha printa, kwa hiyo tarehe kwenye katriji si upuuzi mtupu. Lakini katriji nyingi zina chipu, na chipu inaweza kuamua. Tarehe 13 Septemba 2016, printa kadhaa za HP sehemu mbalimbali duniani zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine, kwa sababu programu iliyokuwa ndani yake tayari ilikuwa imepangwa kuamka siku hiyo. Wateja walipiga kelele, na kabla ya mwezi kuisha kampuni ilikuwa imeomba radhi kwa jinsi ilivyowasiliana na wateja, ikaahidi programu ya kuondoa kizuizi hicho. Wino haukubadilika kati ya tarehe 12 na 13. Kilichobadilika ni kalenda.

Ufaransa ililichukulia jambo hili kwa uzito: tangu 2015, kupunguza maisha ya bidhaa kwa makusudi ili mteja anunue nyingine ni kosa la jinai, na adhabu inaweza kufika miaka 2 jela na faini ya yuro 300,000. Ninalipenda neno "kwa makusudi" katika sheria hiyo. Linatuambia tuulize kuhusu tarehe swali lile lile tunalouliza kuhusu mhusika katika riwaya: alikufa, au aliuawa na mwandishi?

Wati elfu kumi na tano

Sasa tugeukie namba, na hapa toni inabadilika kabisa.

Mwaka jana nilisimama mbele ya woofa iliyoandikwa, kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji, wati 15,000 PMPO. Muuzaji aliniona nikisoma. "Bosi, hiyo ukiweka, ploti nzima inahama," akasema, na kusema kweli ilikuwa tangazo zuri kuliko lile la kasha. Niligeuza woofa nyuma. Kule, kwenye kistika kidogo cha fedha, imeandikwa inakula wati 60.

Fanya hesabu. Soketi ya ukutani kwetu ni volti 240, na plagi ina fyuzi ya amperi 13. Hiyo ni wati 3,120, basi. Kutoa wati 15,000 mfululizo ungehitaji zaidi ya amperi 62, na ungechoma yuniti 15 za tokeni kwa saa moja. Hiyo PMPO ni kipimo cha kilele, cha nukta ndogo sana ya sekunde, katika hali ambayo haipatikani sebuleni, na hakuna kanuni moja inayokubalika ya kukipima. Kampuni moja ikiandika 5,000 na nyingine 15,000, huwezi kusema ya pili ina sauti mara tatu. Unachoweza kusema ni kwamba ya pili ina ujasiri mara tatu. Kipimo cha maana ni kile cha nguvu ya mfululizo, RMS, na hicho mara nyingi ama kimeandikwa nyuma kwa herufi za mchwa, ama hakipo.

Pawabenki ni hadithi ile ile kwa sura nyingine. Hapa kuna ukweli mmoja na uongo mmoja, na ni muhimu kuvitenganisha. Ukweli ni huu: pawabenki ya mAh 10,000 iliyotengenezwa kwa haki haitakupa 10,000 kwenye simu. Seli zake ni za volti 3.7, kwa hiyo ndani kuna watisaa 37. Kebo inatoa volti 5. Gawanya, unapata 7,400, kisha toa kinachopotea kama joto, unabaki na 6,000 na ushee. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara moja na nusu hivi, si mara mbili. Mtengenezaji mwaminifu huandika hilo chini kwa maandishi madogo. Hiyo ni namba iliyopambwa, lakini ina mifupa ndani.

Uongo ni ile ya 50,000 inayoingia kwenye mfuko wa jinzi. Seli ya duara inayotumika sana, ile iitwayo 18650, ina kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65, na uzito wa karibu gramu 47. Zilizo nzuri hubeba mAh 3,500 hivi. Ili ufike 50,000 unahitaji seli kama 14, yaani zaidi ya nusu kilo kabla hujaweka hata ganda. Kama iliyo mkononi mwako ina uzito wa simu moja, basi fizikia imeshajibu. Vivyo hivyo kwa seli za tochi zinazouzwa zimeandikwa 9,900: hakuna 18650 inayobeba hivyo. Hiyo ni namba iliyoandikwa na mtu aliyejua kwamba huna mizani.

Na kinaya chake kipo uwanja wa ndege. Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu pawabenki ya hadi watisaa 100 bila kuuliza mtu, na kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege. Kasha la 50,000, tukiliamini, ni watisaa 185. Haipandi ndege. Kwa hiyo abiria aliyedanganywa dukani ananyang'anywa mali yake kwa sababu ya uongo ule ule, maana afisa wa ukaguzi anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinasema ni kubwa mno.

Kapasita na balbu

Ukitaka kuona tofauti kati ya namba ya unyenyekevu na namba ya majigambo, linganisha kapasita na balbu inayoibeba tumboni.

Kwenye kapasita ya elektroliti, au kwenye karatasi yake, utakuta kitu kama 105°C, saa 2,000. Mtu asiyezoea atacheka: saa 2,000 ni siku 83! Lakini soma sentensi yote. Inasema: nikikaa kwenye joto la nyuzi 105, joto linalozidi la maji yanayochemka, nitastahimili saa 2,000. Na mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kila ukishusha nyuzi 10, maisha yanaongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 65 saa hizo zinakuwa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Hii ni namba inayokuonyesha hali mbaya kwanza, kisha inakuachia wewe kufanya hesabu. Sharti lake halijakatwa.

Balbu ya LED, yenyewe, inaandika saa 25,000 mbele ya kasha, pamoja na picha ya familia inayocheka. Saa 25,000 ni karibu miaka mitatu usiku na mchana. Mara nyingi kinachopimwa ni chipu ya mwanga peke yake, kwa saa 6,000 au zaidi, kisha wataalamu wanakadiria zilizobaki. Na "mwisho" wake unahesabiwa pale mwanga unaposhuka hadi asilimia 70, si pale balbu inapozima. Hayo yote ni sayansi halali. Lakini balbu yako haifi kwa kufifia. Inazima ghafla, kwa sababu imefungwa kwenye globu isiyopitisha hewa, joto limepanda, na kapasita ndogo ya bei ya chini iliyoko shingoni imechemka. Kasha limenukuu maisha ya mhusika mwenye nguvu kuliko wote, likamficha aliye dhaifu.

Mbona tusiseme ni chuku tu?

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: kila mtu anajua hizo namba ni chuku. Hakuna anayeamini wati 15,000. Ni mapambo, kama vile kinyozi anayejiita "executive". Relax.

Nalichukulia jibu hilo kwa heshima, kwa sababu fasihi yetu imejaa chuku na siwezi kuikana. Majigambo ni kipera kamili cha fasihi simulizi. Shujaa anasimama, anajisifu kwamba alipokohoa mlima ulitikisika, na hakuna anayeenda kukagua mlima. Lakini angalia mazingira yake. Shujaa anajigamba mbele ya hadhira inayomjua. Waliokuwa naye vitani wamekaa pale. Wanajua kwamba mlima haukutikisika, na wanajua pia kwamba vita alipigana kweli. Chuku imesimama juu ya tendo, na hadhira inaweza kumzomea fanani asiye na tendo.

Kasha limechukua mtindo na kuacha hadhira. Anayejigamba yuko mbali, jina lake huenda likabadilika kabla ya mzigo ujao kufika, na anayesikiliza ni mnunuzi mmoja mmoja, aliyesimama peke yake kwenye kelele za mtaa. Hakuna shahidi wa vita. Na tofauti na mlima wa shujaa, chuku ya kasha ina bei. Unalipa pesa halisi kwa tofauti kati ya 20,000 na 50,000, hata kama tofauti hiyo iko kwenye kiwanda cha kuchapa tu.

Kuna mwingine anayeumia ambaye hatumwoni: yule anayeandika ukweli. Weka pawabenki ya kweli ya 10,000 kando ya ile ya uongo ya 50,000, bei zikaribiane. Muuzaji mwenyewe atakuambia ipi inatoka. Mwaka ujao yule mkweli ama ameondoka sokoni, ama naye amejifunza kujigamba. Hivyo ndivyo namba zinavyopoteza maana kwa wote, hata kwa wale wanaozijua.

Sitaki pia tukimbilie upande wa pili na kusema wote ni wezi. Huo nao ni usomaji mvivu. Anayesema tarehe zote ni ujanja wa kuuza atatumia pesti iliyokauka kwenye simu ya mteja na kumrudishia bodi iliyojaa vijipira vya solda. Mashaka yenye faida huenda neno kwa neno: hii tarehe inalinda nini, hii namba ilipimwa wapi, sharti lake liko wapi.

Sheria hatujakosa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo, na kinalitaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya haki na ya kweli. Kuna Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012, zote zikikataza kudanganya kuhusu ubora. KEBS ina alama zake. Lakini hakuna afisa atakayesimama nawe kila Jumamosi mbele ya kila rafu, na hadhira ikikosekana, fanani ataendelea.

Kwa hiyo turudi kuwa hadhira. Geuza kifaa nyuma kabla ya kuuliza bei, kwa sababu upande wa nyuma huandikwa na mtu mwenye hofu, na mwenye hofu hudanganya kidogo. Zidisha volti kwa amperi. Uliza solda ilikaa wapi kabla ya kuuliza inaisha lini. Na muuzaji akikuhakikishia kwamba hiyo ya mfukoni ni 50,000 kamili, mwombe kwa adabu akuazimie mizani ya mama wa omena aliye pale kona.